Hiyo mashine ya moyo haikupigi stima, uliza mbwa wa Waller

Mwaka 1909 wabunge wa Uingereza walipata muda wa kujadili mbwa. Buldogi, jina lake Jimmie. Mwenyewe, Augustus Waller, alikuwa daktari na mtafiti, na alikuwa amemsimamisha mbele ya wageni wa Royal Society kule London, miguu ndani ya mitungi ya maji, nyaya zikitoka kwa maji kwenda kwa mashine. Mbunge mmoja akaskia hiyo stori akawaka. Si kuna sheria ya 1876 inayokataza ukatili kwa wanyama? Na ule ukanda wa misumari shingoni je?

Waziri wa mambo ya ndani, Herbert Gladstone, akasimama akajibu. Ule ukanda ni kola ya kawaida iliyopambwa kwa vifungo vya shaba. Yale maji yametiwa chumvi kidogo, hii ya mezani. Na kama mheshimiwa amewahi kutembeza miguu ufuoni mwa bahari, basi anajua vile mbwa alihisi. Yaani Jimmie alikuwa Pirates siku ya Idd, tofauti ni hakukuwa na viazi karai.

Nawapa hii stori kwa sababu zaidi ya miaka mia imepita na wasee wa rika langu bado wanauliza swali la yule mbunge. Mtu ameambiwa na daktari akapimwe ECG, anaanza kuzunguka. Anafikiria nyaya, anafikiria kifua, anajumlisha, anapata stima. Filamu ndizo zimetuharibu. Kwa filamu mtu akiwekewa vitu kifuani mwili wote unaruka, mashine inalia, mama anapiga nduru. Ile ni mashine nyingine kabisa, ya kushtua moyo uliokwama, na haina shughuli na wewe unayetembea kwenda hospitali na miguu yako.

ECG haikufanyii kitu. Inasikiliza tu. Na historia yake yote, kutoka kwa mbwa hadi kwa saa ya mkononi, ni historia ya watu wakihangaika kuskia kitu kinachonong'ona chini sana.

Chini kiasi gani? Moyo wako una sehemu ndogo upande wa juu kulia inayojiwasha yenyewe, bila wewe kuiambia. Umeme unatoka hapo, unasambaa kwenye vyumba vya juu, unangoja kidogo katikati, kisha unashuka vyumba vya chini, na misuli inabana. Ukifika kwenye ngozi ya kifua, huo umeme umebaki kama milivolti moja hivi. Betri moja ya rimoti ni volti 1.5, mara 1,500 ya hiyo. Kwa hivyo wewe ndio umebeba stima hapo, mashine haina ya kukupa. Inaomba yako.

Kwamba moyo una umeme ilijulikana mapema. Mtaliano Carlo Matteucci alionyesha hilo kwa chura miaka ya 1840. Shida ilikuwa binadamu, maana huwezi kumfungua mtu kifua ndio uguse moyo wake. Waller ndiye alifanikiwa kuuskia kutoka nje, London, mwaka 1887, kwenye hospitali ya St Mary's. Kifaa chake kilikuwa mrija mwembamba wa kioo wenye zebaki. Umeme ukipita, zebaki inapanda au kushuka kidogo sana, mwanga unapiga kivuli chake kwenye sahani ya picha. Na ili mchoro utambae badala ya kurundikana mahali pamoja, sahani ilibidi isonge. Mnajua aliiweka wapi? Juu ya kigari cha treni ya kuchezea ya watoto. ECG ya kwanza ya binadamu ilipanda treni ya watoto, na hii sijatunga.

Lakini Waller mwenyewe hakuona mbali. Hata mwaka 1911 bado alisema hadhani kipimo hiki kitatumika sana hospitalini. Alikuwa na kitu mkononi na akakichukulia kama mchezo wa kuonyesha wageni. Mimi simlaumu. Zebaki ni nzito na mvivu, inachelewa kufuata moyo, kwa hivyo mchoro wake ulikuwa vilima viwili vya kujikokota. Ungemwonyesha daktari angeuliza, sasa nifanyie nini hii?

Aliyeona mbali ni Willem Einthoven. Huyu alizaliwa mwaka 1860 Semarang, kisiwa cha Java, wakati Indonesia ilikuwa koloni la Uholanzi. Baba yake alikuwa daktari, akafariki Willem akiwa bado mtoto, na mama akawabeba watoto sita hadi Utrecht. Akiwa na miaka 25 tayari ameteuliwa profesa Leiden. Miaka 25! Wengine wetu tukiwa na miaka hiyo bado tunatafuta mtu wa kutusaidia na deposit ya nyumba. Mwaka 1889 alikuwa Basel, Uswisi, kwenye mkutano ambapo Waller alionyesha kazi yake, na akarudi nyumbani na lile tatizo la zebaki kichwani.

Kitu cha kwanza alichofanya kinanifurahisha kuliko vyote. Kabla ya kuwa na mashine nzuri, alikaa chini na hesabu. Alijua zebaki inachelewa kiasi gani, akapiga mahesabu kurudi nyuma, akachora vile mchoro ungekuwa kama kifaa kingekuwa na kasi. Mwaka 1895 akautoa mchoro huo na kuzipa kona zake majina: P, Q, R, S, T. P ni vyumba vya juu vikiwaka. QRS, ile ncha ndefu kila mtu anaijua, ni vyumba vya chini. T ni vyumba vya chini vikijichaji tena. Herufi hizohizo ziko kwenye karatasi utakayopewa leo.

Halafu akajenga kifaa cha kuthibitisha hesabu yake. Alichukua uzi wa kwatzi mwembamba mno, akaupaka fedha, akauning'iniza katikati ya sumaku kubwa ya umeme. Umeme wa moyo ukipita kwenye uzi, sumaku inausukuma uzi upande, na kivuli chake kinapigwa picha. Uzi wa kwatzi unapatikanaje? Unayeyusha kwatzi, unaifunga kwa mshale, unaufyatua mshale kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine, na nyuma yake unabaki uzi unaoelea hewani ambao macho yanautafuta kwa shida. Sasa fikiria mwenye nyumba anapiga hodi kuuliza kodi na profesa anapiga mishale ndani.

Mwaka 1901 alitangaza kifaa hicho, na muda si mrefu michoro ya wagonjwa ikaanza kutoka. Ilifanana na ile aliyokuwa amekokotoa kwa kalamu.

Kama mnadhani kilikuwa kitu cha kubeba, hapana. Mtambo wote ulikuwa na uzito wa kama kilo 270, ulijaza vyumba viwili, uliendeshwa na watu watano, na sumaku ilipata moto hadi ikabidi ipozwe kwa maji. Mgonjwa alikaa kwa kiti na kutumbukiza mikono yote miwili na mguu wa kushoto kwenye ndoo za maji ya chumvi, kama Jimmie, sema sasa ni mzee amevaa suti na amekunja suruali. Kuna picha za zamani za hao wagonjwa. Wanakaa wametulia tu kama mtu anaosha miguu kabla ya kuingia nyumbani.

Hapo ndipo shida nyingine ilipojitokeza, na hii tunaijua Wakenya. Mashine iko mahali pamoja, mgonjwa yuko pengine. Maabara ya Einthoven ilikuwa kilomita moja na nusu kutoka hospitali ya Leiden. Mgonjwa wa moyo humtembezi hivyo, na mtambo wa kilo 270 huubebi. Mwaka 1905 akatumia waya wa simu. Mgonjwa alibaki hospitalini na ndoo zake, umeme wa moyo wake ukasafiri kwa waya hadi maabara, na uzi ukatikisika kule. Daktari leo akipiga karatasi ya ECG picha na kuirusha kwa WhatsApp kwa mwenzake wa mji mwingine amuulize maoni, anafanya kitu kilekile.

Baadaye kampuni ya Cambridge ya Uingereza, iliyoanzishwa na Horace, mtoto wa yule Charles Darwin wa mageuzi, iliupunguza mtambo hadi ukakaa juu ya meza. Thomas Lewis wa London naye alionyesha kwa ECG kwamba ile mapigo iliyopotea mpangilio kabisa, ambayo madaktari walikuwa wakiishika kwa kidole bila kuielewa, inatokana na vyumba vya juu vya moyo kutetemeka ovyo badala ya kubana. Hapo kitu kikaacha kuwa maonyesho kikawa kipimo. Miaka ya 1930 Wamarekani, akiwemo Frank Wilson, wakaongeza sehemu za kupimia kifuani, na mwaka 1942 Emanuel Goldberger akakamilisha zilizobaki. Tangu hapo picha kamili ni ya pande 12.

Einthoven alipata tuzo ya Nobel mwaka 1924. Waller alikuwa ameshafariki miaka miwili kabla. Inasimuliwa kwamba Einthoven alienda kumtafuta fundi aliyemsaidia kujenga mtambo ili wagawane pesa, akaambiwa amekufa, akawatafuta dada zake wawili waliokuwa wakiishi maisha ya shida akawapa nusu. Sitaki kuongeza neno hapo.

Sasa twende kwa chumba cha kipimo. Utaambiwa utoe nguo za juu na ulale chali. Kama wewe ni msichana, sidiria mara nyingi inatolewa, na una haki ya kuomba shuka, na kuomba mhudumu mwanamke au mtu wa kukaa nawe. Omba bila aibu, wanaulizwa kila siku. Ukiwa na nywele nyingi kifuani unaweza kunyolewa vibaraka. Siku hiyo usijipake mafuta kifuani, mikononi na miguuni, najua ngozi itapauka lakini stika zinateleza. Utawekewa stika au vikombe vya kunyonya sita kifuani, vikiwa na jeli baridi ambayo ndiyo kitu kibaya zaidi kitakachokupata siku hiyo. Halafu klipu nne, mikononi na miguuni. Angalia hizo klipu vizuri: mkono wa kulia, mkono wa kushoto, mguu wa kushoto. Hizo ni zile ndoo tatu za Einthoven. Ya mguu wa kulia haichori chochote, iko hapo kupunguza kelele za umeme wa jengo.

Utaambiwa utulie, usiongee, upumue kawaida. Ukitetemeka kwa baridi au woga mashine inachora huo mtetemeko, kwa sababu misuli ya mkono nayo ina umeme. Kurekodi ni kama sekunde kumi. Kuvua na kuvaa kunachukua muda mrefu kuliko kipimo. Ukitolewa stika unaskia kama plasta, basi.

Mimi nilipimwa mwaka jana. Moyo ulikuwa unaruka usiku, wiki ya mitihani, na nikaona niende. Kipimo kilikuwa rahisi, shida ilikuja baadaye. Nilipewa karatasi mkononi niketi kwa benchi, na juu yake mashine ilikuwa imejiandikia yenyewe kwamba mapigo si ya kawaida. Hakuna mtu alinieleza. Nilikaa hapo saa nzima nikitafuta maneno kwa simu, nikijiandikia wosia kichwani, nani atabaki na laptop. Daktari akaiangalia sekunde chache, akacheka kidogo akasema, “Kijana, ukivuta pumzi moyo wako unaenda haraka, ukiitoa unapoa. Hiyo ni kawaida ya umri wako.” Mashine haikuwa imedanganya. Iliona nafasi kati ya ncha na ncha hazilingani, ikaandika hivyo. Haijui mimi ni nani.

Na hapo ndipo mimi nina neno. Kusikiliza kulishatatuliwa tangu Leiden. Kusoma ndiko bado kuna kazi, na kusoma kunategemea moyo ni wa nani. Mkimbiaji wa Iten anaweza kuwa na mapigo 40 kwa dakika akiwa amelala na yuko fiti kabisa, lakini nyanya yako akiwa na 40 na kizunguzungu, hiyo ni safari ya hospitali sasa hivi. Kuna hata jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Wanamichezo weusi wakipimwa, si ajabu wimbi la T kugeuka chini kwenye baadhi ya stika za mbele ya kifua, na kwa muda mrefu hilo liliweza kumfanya mtu ashukiwe kuwa na ugonjwa wa misuli ya moyo. Mwaka 2017 wataalamu wa kimataifa walichapisha vigezo vya kusoma ECG za wanamichezo, na ndani yake wakakubali kwamba kwa mwanamichezo mweusi, wimbi hilo likigeuka kwenye V1 hadi V4 na kutanguliwa na mstari uliopanda, linaweza kuwa kawaida. 2017, wasee. Uzi wa Einthoven ulikuwa umeshatimiza miaka 116.

Msinielewe vibaya, ugonjwa wenyewe upo. Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka uwanjani Lyon tarehe 26 Juni 2003, akiwa na miaka 28, na uchunguzi ukaonyesha misuli ya moyo wake ilikuwa imenenepa. Huo ni ugonjwa ambao mara nyingi huacha alama kwa ECG. Italia tangu 1982 haimruhusu mtu kushindana kwa michezo rasmi bila kupimwa, na utafiti wa jimbo la Veneto uliochapishwa 2006 ulionyesha vifo vya ghafla vya wanamichezo vilipungua kwa asilimia 89. Marekani hawajalazimisha, wakisema wengi wazima watatishwa bure. Mimi niko upande wa Italia, ilmradi anayesoma karatasi anajua vigezo vya 2017.

Lakini karatasi safi nayo si cheti cha maisha. Christian Eriksen alikuwa mchezaji wa Inter Milan, hukohuko Italia kwenye vipimo vikali, na bado moyo ulisimama uwanjani Copenhagen tarehe 12 Juni 2021. Sekunde kumi ni sekunde kumi. Kama moyo wako unaruka Jumanne usiku na umepimwa Alhamisi asubuhi, mashine itaandika Alhamisi asubuhi. Norman Holter, mwanafizikia wa Montana, aliliona hilo mapema. Mwaka 1947 alimbebesha mtu mkoba wa redio wa kilo 38 ili moyo urekodiwe akiwa anaendesha baiskeli. Siku hizi mtambo unaoitwa kwa jina lake unatosha mfukoni, unavaa saa 24 au 48, huogi, na unaandika kwa daftari ulikuwa unafanya nini moyo uliporuka. Andika ukweli, hata kama ulikuwa unapanda ngazi na mtungi wa maji au mmegombana na mtu wako. Saa za mkononi zinazochora ECG, zilizoanza kuvuma 2018, ni nzuri kwa kunasa tukio, lakini zinaangalia moyo kutoka upande mmoja kati ya 12. Na valvu zilizoharibika kwa homa ya baridi yabisi, ambayo huanza na koo la utotoni lisilotibiwa, haziangaliwi vizuri kwa ECG. Hizo zinataka picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, kama ile ya wajawazito.

Ukizimia ukiwa unacheza au unakimbia, ukipata maumivu ya kifua ukijitahidi, moyo ukienda mbio pamoja na kizunguzungu, au kuna mtu wa familia aliyekufa ghafla akiwa kijana, nenda upimwe wiki hii na umwambie daktari hiyo sehemu ya familia bila kungoja aulize. Na ukimaliza omba nakala. Daktari wa miaka kumi ijayo atataka kulinganisha, na mchoro wako wa zamani ukiwa mzima una thamani kwake kuliko maelezo yako. Nyingi zinachapishwa kwa karatasi kama ile ya risiti ya supamaketi, inafifia, kwa hivyo ipige picha kabla hujatoka getini.